Mtoto wa Pipa na Mchezo Usio na Mshindi



Mtu aliyesikia hadithi tamu hapendi iishe. Mtoto akisimuliwa kisa jioni, msimulizi anapofika mwisho mtoto huuliza: «Na halafu?» Watu wazima nao wana hamu ile ile, ila wao huona haya kuuliza.

Siku hizi watu wamepata njia mpya ya kuuliza «na halafu». Wapenzi wa mchezo fulani wa kuchekesha wa televisheni, wakiisha kuutazama mara nyingi hata wakaujua kwa moyo, huanza kuwaza hivi: «Je, kama kisa hiki kingegeuzwa kuwa mchezo wa video, nasi wenyewe tukaingia ndani yake na kutembea humo, kingekuwa namna gani?» Wengine huwaza tu na kucheka. Wengine huchora picha. Wengine hujifunza kazi ya kompyuta, hukesha usiku, na kuutengeneza mchezo huo kweli, pasipo kulipwa hata senti moja.

Pengine mtasema: hayo ni mambo ya kupoteza wakati. Sisi nasi tulisema hivyo kwanza. Lakini tulipoyaangalia kwa makini tuliona kwamba yana fundisho. Mtu akikuambia mchezo anaouota, amekwisha kukuambia alichokipenda katika kisa kile. Yeye mwenyewe huenda hakijui, lakini ndoto yake imekitoa nje. Leo twataka kuwaonyesha jambo hilo kwa mfano mmoja tu, nao unatoka nchi ya Meksiko.

Uwanja mmoja, wapangaji wengi

Katika mji mkuu wa Meksiko alizaliwa mwaka wa 1929 mtu aitwaye Roberto Gómez Bolaños. Alisoma chuoni kazi ya uinjinia, lakini hakuifanya kamwe. Kalamu ilimvuta zaidi. Alianza kwa kuandika matangazo ya biashara, kisha akaandika maneno ya kuchekesha kwa redio, sinema na televisheni. Alikuwa mtu mfupi wa kimo. Basi mwongozaji mmoja wa sinema, kwa kuyasifu maandiko yake, alimwita «Chespirito», maana yake Shakespeare mdogo, kama Wameksiko wanavyolitamka jina lile la Kiingereza. Jina hilo likamganda maisha yake yote.

Mwaka wa 1971 alibuni kisa kifupi juu ya mtoto maskini wa miaka minane. Mtoto huyo hakuwa na baba wala mama wa kumwangalia. Bolaños mwenyewe, ingawa alikuwa amepita miaka arobaini, alivaa nguo za mtoto: kaptula yenye viraka, shati la mistari, na kofia yenye masikio yanayoning'inia. Akaanza kusema na kulia kama mtoto. Watu walicheka, kisha wakampenda. Mwaka wa 1973 kisa hicho kilipewa saa yake chenyewe katika televisheni, kikaendelea hata mwanzo wa mwaka wa 1980. Baada ya hapo kiliingizwa katika kipindi kingine cha mtungaji yule yule mpaka mwaka wa 1992.

Jina la kisa ni «El Chavo del Ocho». Chavo katika maneno ya Wameksiko ni kijana au mtoto. Ocho ni nane. Kwanza jina lilitokana na stesheni namba 8 iliyokionyesha kisa. Baadaye, kisa kilipohamia stesheni nyingine, ikasemwa kwamba mtoto anakaa katika nyumba namba 8. Lakini nyumba hiyo watazamaji hawakuonyeshwa hata siku moja. Walichokiona ni pipa lililosimama uwanjani. Mtoto akiwa na huzuni, au akiwa na kosa, hujificha ndani ya pipa hilo.

Uwanja huo ndio kisa chenyewe. Ni kama lupango moja kubwa: milango mingi inatazamana, wapangaji wengi wanatumia ua mmoja, bomba moja, kamba moja ya kuanikia nguo. Kuna Don Ramón, mfiwa mwembamba, mwenye binti mmoja mjanja aitwaye Chilindrina. Leo ni fundi viatu, kesho ni seremala, keshokutwa anauza maziwa, wala hapati fedha ya kutosha. Kuna Doña Florinda, mjane ambaye mumewe alipotea baharini. Naye ana mwana mmoja, Quico, mwenye mashavu yaliyovimba na michezo ya watoto ya kila namna. Kuna Doña Clotilde, mwanamke mzee asiyeolewa, ambaye watoto humwita mchawi, lakini kosa lake ni upweke tu. Kuna mwalimu mrefu sana, Profesor Jirafales, ambaye jina lake limetokana na twiga. Huja na maua mkononi kumwamkia Doña Florinda, naye humkaribisha kikombe cha kahawa. Na kuna Señor Barriga, mwenye nyumba, mtu mnene, ajaye kudai kodi.

Wahenga walisema: vyombo vikikaa pamoja havina budi kugongana. Katika uwanja ule vinagongana kila siku. Mtoto hupiga mpira, mpira humpiga mwenye nyumba usoni wakati ule ule anapoingia. Quico hulia, mama yake hutoka mbio na kumpiga Don Ramón kofi pasipo kuuliza nani mwenye kosa. Don Ramón hutupa kofia chini, huikanyaga kwa hasira, kisha humgonga Chavo kichwani. Chavo huenda kulia pembeni ya ukuta. Na kesho yake mambo ni yale yale.

Kwa nini mamilioni walicheka?

Mtu asiyekijua kisa atauliza: je, yafaa kucheka mtoto mwenye njaa? Maana Chavo ana njaa siku zote. Ndoto yake kubwa si gari wala nguo nzuri. Ni mkate uliotiwa nyama ya paja la nguruwe. Akisikia mkate huo ukitajwa, macho yake yanang'aa.

Twajibu hivi: watazamaji hawakuicheka njaa. Walicheka kwa kuwa waliijua. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na wengi waliokaa mbele ya televisheni zile hawakuwa watu wa shibe. Katika nchi za Amerika ya Kusini wengi walikuwa wametoka shamba kwenda mjini, wakapanga chumba kimoja katika uwanja wa namna ile. Walimjua Don Ramón, maana alikuwa mjomba wao. Walimjua mwenye nyumba. Walijua pia namna ya kupita kimyakimya asubuhi ili mwenye nyumba asikuone.

Tena angalieni neno moja lililo kubwa. Don Ramón ana deni la kodi ya miezi kumi na minne. Miaka inapita, deni ni miezi kumi na minne bado. Halipungui, haliongezeki. Mwenye nyumba hukasirika, hupiga kelele, husema leo ni mwisho. Lakini Don Ramón bado anakaa pale. Huyo Señor Barriga, anayepigwa mpira kila anapoingia mlangoni, ana moyo mwema kuliko sauti yake.

Mwaka wa 1977 walionyesha safari ya Acapulco, mji wa pwani. Wote walikwenda huko kupumzika. Mtoto wa pipa peke yake alibaki katika uwanja mtupu, maana hakuna aliyemkumbuka. Ni nani aliyemkuta na kumchukua? Ni yule yule mwenye nyumba. Usiku walikaa wote kuzunguka moto ufukoni, wakaimba pamoja. Wapenzi wa kisa wanaipenda sana saa ile, kwa kuwa haukupita muda mrefu kabla wachezaji hawajaanza kuachana. Carlos Villagrán, aliyekuwa Quico, aliondoka mwaka wa 1978. Ramón Valdés, aliyekuwa Don Ramón, aliondoka mwaka wa 1979, naye akafariki mwaka wa 1988.

Lakini kisa chenyewe hakikufa. Katika nchi ya Brazili kilianza kuonyeshwa mwaka wa 1984 kwa lugha ya Kireno, kwa jina la «Chaves», na watoto waliozaliwa miaka mingi baadaye wakakua nacho. Bolaños alipofariki mwezi wa Novemba 2014, maelfu ya watu walikwenda katika uwanja mkubwa wa mpira wa Azteca kumwaga, na Misa ikasomwa pale. Wengi walivaa ile kofia yenye masikio.

Michezo iliyotengenezwa

Sasa turudi kwa wale waotao mchezo wa video. Mambo haya yana historia yake, nayo yafurahisha.

Bolaños alikuwa amebuni mtu mwingine pia, shujaa mwenye nguo nyekundu aitwaye El Chapulín Colorado. Ni shujaa mwoga na mzito wa akili, lakini huwa tayari siku zote kusaidia. Mwaka wa 1993 kampuni moja ya Brazili, Tectoy, iliuza mchezo wa shujaa huyo akipambana na Drácula. Je, waliutunga upya? Hapana. Walichukua mchezo wa kampuni ya Sega wa mwaka wa 1986, uitwao Ghost House, juu ya kijana anayezunguka katika nyumba ya mizimu. Wakamvua kijana yule nguo zake, wakamvika shujaa wa Meksiko. Nyumba ni ile ile, ngazi ni zile zile. Hata hivyo watoto walifurahi, kwa kuwa mara ya kwanza walimwongoza mtu waliyempenda kwa mikono yao wenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wapenzi wa Brazili walifanya la kwao. Mchezo mmoja uliitwa «Street Chaves», kwa kuiga michezo ile ya watu wawili wanaopigana mpaka mmoja aanguke. Majirani wa uwanja mmoja wakawa wapiganaji. Ulitengenezwa kwa mapenzi, wala si kwa amri ya kampuni yenye haki. Watu waliucheza kwa kicheko kikubwa, maana kila mtu alitambua mara moja maneno na vituko alivyovijua tangu utoto.

Baadaye wenye haki nao waliamka. Mwaka wa 2006 walikuwa wameanza kutoa kisa hicho kwa picha za katuni. Kwa kufuata katuni hizo, mwaka wa 2012 ulitoka mchezo wa video wa mashine ya Wii, ambamo wachezaji husonga mbele hatua kwa hatua na kushindana katika michezo midogo. Mwaka wa 2014 ukatoka mwingine, wa mbio za magari madogo.

Lakini wapenzi walipoitazama michezo hiyo waliona pengo. Chilindrina yu wapi? Binti wa Don Ramón, yule mjanja mwenye miwani, hakuwamo. Sababu yake ni hii: María Antonieta de las Nieves, aliyemcheza binti huyo, na Bolaños, aliyeandika kisa, walikuwa wameshindana kwa sheria juu ya nani mwenye haki ya Chilindrina. Kwa hiyo katuni zilimwacha nje, na michezo ikamwacha nje vile vile. Baba alibaki bila binti yake.

Tuutengeneze sisi

Basi, wasomaji, tukae dakika chache na wapenzi wale, tuote nao. Tukipewa kazi ya kuutengeneza mchezo huo, tutafanya nini?

Mambo ya kwanza ni mepesi. Mchezaji atakuwa Chavo, nasi tutautazama uwanja kutoka ndani ya pipa, kupitia ufa wa ubao. Atapita kila mlango. Atabeba vifurushi vya majirani ili apate sarafu. Atafagia ua. Atacheza mpira, na mpira ukimpiga mtu atakimbia kujificha. Katika darasa la Profesor Jirafales atajibu maswali, na majibu mabaya yatachekesha kuliko majibu mazuri. Mpaka hapa hata mtoto wa shule aweza kuuandika.

Ugumu waanza tunapouliza: mchezaji atashinda kwa kufanya nini? Maana kila mchezo wa video una hesabu yake. Kuna alama, kuna adui, kuna mwisho. Na hapo ndipo kila mpenzi huonyesha moyo wake.

Mmoja atasema: akiokota mikate mia moja, ameshinda. Sisi twamwuliza: je, njaa ni hesabu? Katika kisa, mkate mmoja tu watosha kuwa furaha ya siku nzima, kwa sababu ni adimu, na kwa sababu mtu fulani ameutoa mkononi mwake. Tukitawanya mikate mia moja njiani kama mawe, tumeuondoa utamu wake. Afadhali mkate uwe mmoja katika mchezo mzima, na mchezaji asijue utatoka mlango gani.

Mwingine atasema: deni la Don Ramón liwe mzigo wa mchezo. Tufanye kazi, tulipe miezi yote kumi na minne, kisha tumalize. Wazo hilo ni la mtu mwema. Lakini aliyekipenda kisa hicho kwa kweli atatikisa kichwa. Deni lile likiisha, Don Ramón hana sababu ya kujificha, wala mwenye nyumba hana nafasi ya kusamehe. Afadhali mchezaji alipe mwezi mmoja kwa jasho jingi, na asubuhi yake mwezi mwingine uwe umefika. Hivyo ndivyo maisha ya mpangaji yalivyo. Atakayecheka hapo, amewahi kupanga.

Wa tatu atasema: wapigane. Doña Florinda ana kofi, Don Ramón ana ngumi. Hatumkatazi kucheka. Wapenzi wa Brazili walifanya hivyo, nao hawakuwa wabaya. Lakini tuone tofauti. Katika mchezo wa kupigana, mmoja huanguka na mwingine huinua mikono. Katika uwanja wa Chavo, baada ya kofi watu wote wawili wanarudi katika ua ule ule, na jioni wanachota maji katika bomba lile lile. Kofi halimwondoi mtu. Kisa hicho kiliweza kuendelea miaka mingi kwa sababu hakuna hata mmoja aliyeshinda.

Sasa twafika penye fundo. Mchezo wa video wataka mshindi. Kisa hiki kinataka jirani. Vitakaaje pamoja?

Kisa cha mwizi

Kuna sehemu moja mashuhuri ya kisa hicho, ambayo wapenzi wakubwa kwa wadogo huikumbuka. Vitu vya nyumbani vilianza kupotea katika uwanja. Watu wakatafuta mwizi. Nani atakuwa mwizi? Yule asiye na kitu, yule asiye na baba wa kumtetea. Wakamnyoshea Chavo kidole, wakamwita mwizi. Mtoto hakujua kujitetea. Alifunga nguo zake chache katika kitambaa, akatundika fimboni, akaondoka. Watazamaji waliozoea kucheka walikaa kimya.

Baadaye alirudi. Alisimulia kwamba alikwenda kanisani. Alisema alimwomba Mungu juu ya mwizi, lakini si ili mwizi akamatwe. Aliomba mwizi ajute na kuwa mtu mwema. Na mwizi mwenyewe, mpangaji mmoja aitwaye Hurtado, alikuwa akimsikia. Vitu vikarudishwa.

Tumpe basi mtengenezaji wa mchezo sehemu hii, tuone atafanya nini. Mtengenezaji wa haraka atafanya upelelezi: tafuta nyayo, kusanya ushahidi, mkamate Hurtado, pata alama elfu moja. Mchezo utakuwa mzuri, na kisa kitakuwa kimekufa. Maana Chavo hakumkamata mtu. Ushindi wake ulikuwa kutotaka kushinda.

Mpenzi wa kweli atafikiri zaidi. Atamwacha mchezaji atembee katika uwanja akiitwa mwizi kwenye kila mlango, na kila mlango umefungwa. Mchezaji atapewa njia mbili. Njia ya kwanza ni kumtaja mwizi, maana sisi wachezaji tumemwona. Njia ya pili ni kunyamaza na kutoka nje ya lango na kifurushi begani. Tena asiambiwe njia ipi inaleta alama. Achague mwenyewe. Akichagua kutoka, barabara ya mji iwe ndefu, na kusiwe na muziki. Hapo mchezo utakuwa umefanya jambo ambalo televisheni haiwezi: utakuwa umemfanya mtazamaji abebe kifurushi yeye mwenyewe.

Ndiyo maana tumesema kwamba ndoto hizi zina fundisho. Aliyependa makelele atatengeneza ngumi. Aliyependa faida atatengeneza mbio za magari, maana mbio hupokea sura ya mtu yeyote, na huuzwa upesi. Aliyempenda mtoto atajisumbua kutafuta namna ya kumlisha pasipo kuiondoa hadithi. Huyo wa mwisho ana kazi ngumu kuliko wote, wala hana hakika ya kufaulu.

Mali ya nani?

Pengine mtauliza: je, ni halali mpenzi kuchukua kisa cha mwingine akakitengenezea mchezo? Jambo hili halina jibu jepesi, nasi hatutaki kuwadanganya.

Mtungaji ana haki yake. Bolaños alikaa mezani akaandika, naye hakuandika kwa mchezo tu, alilisha watu wa nyumbani mwake kwa kazi hiyo. Mtu akichukua jasho la mwingine na kuliuza, ameiba, hata akisema mara kumi kwamba anapenda. Kuota ni bure. Kuchora na kuwaonyesha rafiki hakumdhuru mtu. Lakini kuuza ni jambo jingine, na yafaa kuomba ruhusa.

Hata hivyo wenye haki nao yawapasa kukumbuka neno. Tarehe 1 mwezi wa Agosti 2020, kwa sababu kampuni ya televisheni na jamaa ya mtungaji hawakupatana, vipindi vyote vya Chespirito viliondolewa katika televisheni za nchi zote. Kisa kilichoonyeshwa karibu miaka hamsini kikanyamaza kwa siku moja. Kikarudi mwaka wa 2024. Katika miaka ile minne ya kimya, ni nani aliyekihifadhi? Kiliishi katika kumbukumbu za watu waliokipenda: bibi aliyewasimulia wajukuu, kijana aliyechora pipa katika daftari, waliokuwa wakibishana juu ya mchezo wa video ambao haupo. Karatasi ya sheria yaweza kufunga kioo cha televisheni, lakini haina ufunguo wa kumbukumbu. Mwenye haki akiwakemea wapenzi wake wote kama wezi, amefanana na majirani wale waliomfukuza Chavo.

Neno la mwisho

Sasa twasema nanyi wazazi. Mtoto wako akikaa mbele ya kioo akacheka, usimtoe mbio, wala usimwache peke yake siku zote. Kaa naye saa moja. Kisha mwulize swali hili: «Kama ungeugeuza mchezo huu uwe wako, ungefanya nini? Nani angeshinda?» Msikilize mpaka mwisho bila kumkatiza. Utayajua mambo ya moyo wake ambayo maswali mia ya shule hayatakuonyesha. Akisema wote wapigwe, mna la kuzungumza. Akisema ampe mkate yule aliyeko pembeni, mshukuru Mungu, na umpe naye mkate wake.

Nanyi wanafunzi, msiogope kuota. Lakini mkiota, oteni mpaka mwisho. Msiishie kwenye nguo na sauti za watu mliowapenda. Ulizeni kwa nini mliwapenda. Tectoy walibadili nguo tu, na nyumba ikabaki nyumba ya mizimu. Atakayetengeneza mchezo mwema wa kisa chema sharti kwanza ajue nyumba yenyewe imejengwa kwa nini.

Sisi tumekwisha kuchagua mwisho wa mchezo wetu. Ni jioni. Mchezaji amechoka, amelipa mwezi mmoja wa deni, amepigwa mara tatu, amesingiziwa mara moja. Anaingia ndani ya pipa. Kioo kinakuwa cheusi, na kupitia ufa wa ubao anaona viatu vya watu wakipita. Viatu vya nani, hajui. Jozi moja inasimama. Mkono unashuka na mkate.

Hakuna alama zinazoandikwa. Mchezaji aweza kuula wote. Au aweza kutoka, kuukata vipande viwili, na kwenda kubisha hodi kwenye mlango wowote aupendao.

Twawaachia ninyi mchague mlango.